Mama wa Kambo, Mtoto na Nyoka Aitwaye Chapati

Wapo wanaoolewa wakakuta wifi mkali. Wapo wanaokuta madeni. Mwenzenu nilipoolewa nilikuta nyoka.

Usicheke, msomaji wangu. Nyoka kweli, mwenye ulimi wa panda, anakaa chumba kinachofuata chumba chetu cha kulala, ndani ya tangi la kioo juu ya meza ya mtoto. Mume wangu alikuwa ameniambia kila kitu kuhusu maisha yake ya Reading, mji ulio magharibi ya London: baridi, kodi ya nyumba, zamu za usiku, ndoa ya kwanza iliyovunjika, na mtoto wa kiume wa miaka 12 anayeishi naye. Nyoka hakumtaja. Ati alisahau!

Nilifika Novemba 2022 na masanduku yangu mawili na kazi yangu ya uhariri, ambayo siku hizi naifanya kwa intaneti. Mimi nimekulia Morogoro. Kwetu nyoka akionekana uani, mtaa mzima unatoka na mapanga, halafu jioni kila mtu anasimulia yeye ndiye aliyempiga wa kwanza. Leo hii naambiwa nilale ukuta mmoja naye!

Mtoto akanipokea vizuri. Shikamoo yake ilikuwa kamili, bibi yake alimfundisha. Akaniita Anti, akanibebea sanduku moja, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Tuliishi hivyo miezi mitatu. Shikamoo, marahaba, mlango.

Nyoka mwenyewe anaitwa Chapati. Ni wa aina ya nyoka wa mahindi, ambao asili yao ni kusini-mashariki mwa Marekani. Rangi yake ni ya chungwa yenye mabaka mekundu, na hana sumu hata tone. Jina alipewa kwa vile anavyojiviringisha, kama donge la unga wa chapati kabla halijasukumwa. Chakula chake ni panya waliogandishwa, wanaoyeyushwa kwanza ndipo anapewa. Hilo nalo sikuambiwa. Niliwakuta mwenyewe kwenye friza ndani ya kopo la plastiki nikitafuta samaki.

Nilipomuuliza mume wangu kwa nini asiuzwe, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilimnunulia mwaka ule mimi na mama yake tulipoachana. Alikuwa na miaka 9. Alikuwa haongei na mtu, anaongea na Chapati tu." Akaniambia pia kwamba nyoka wa aina hiyo akitunzwa vizuri anaishi miaka 15 hadi 20. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Mtoto atamaliza shule, ataingia chuo, atahama nyumba, na nyoka bado yupo.

ZAWADI YENYE HARUFU NZURI

Tatizo la Chapati lilikuwa tangi lake. Alikuwa amefikisha sentimeta 110 na tangi lilikuwa na sentimeta 60. Nilimsikia mtoto akimwambia baba yake kwamba nyoka lazima apate nafasi ya kujinyoosha mwili mzima, asiishi amejikunja siku zote kama kamba. Baba akasema, "Mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa mwezi mwingine.

Hapo nikaona nafasi yangu. Nikajisemea, mwanamke, hii ndiyo njia ya kuingia kwenye moyo wa huyu mtoto. Nikampata fundi kwenye tangazo, nikamwambia anitengenezee sanduku kubwa lenye mlango wa kioo, na nikachagua mbao mwenyewe. Nilichagua mwerezi.

Kwa nini mwerezi? Kwa sababu unanukia. Nyumba nzuri ninayoijua mimi ni ile inayonukia, kabati la nguo linanukia, mashuka yananukia. Huku wazungu huweka vipande vya mwerezi kabatini kufukuza nondo wasile nguo. Nikaona nitaua ndege wawili kwa jiwe moja: mtoto apate zawadi, na mimi nisisikie tena harufu ya nyoka koridoni. Nikamwambia fundi apige na vanishi mikono miwili ndani na nje, ing'ae. Alinishauri niache sanduku wiki kadhaa likauke. Nilingoja siku nne. Jumamosi ilikuwa karibu na nilitaka kuona uso wa mtoto.

Uso niliuona. Mtoto alisimama akaligusa sanduku, akafungua mlango, akaingiza kichwa ndani. Akanyamaza. Kisha akaniangalia na kutabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. "Asante sana, Anti. Ni zuri sana." Akanikumbatia. Jioni ile akamhamisha Chapati, akawasha taa ya joto, na mimi nikalala nikijiona mama wa kambo bora kuliko wote duniani.

USIKU WA TATU

Usiku wa tatu mume wangu alikuwa kazini. Saa nane nikasikia mtoto analia, ile ya kujizuia, uso ukiwa kwenye mto. Nikagonga, nikaingia. Alikuwa amekaa sakafuni na Chapati mapajani. Nyoka alikuwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi, na kila akivuta pumzi ulisikia kama filimbi mbovu.

Sijui nyoka, lakini najua mtu asiyepata hewa. Mdogo wangu ana pumu.

Tulimrudisha kwenye tangi la zamani, tukafungua dirisha la chumba cha sanduku, na asubuhi tukampeleka kwa daktari wa wanyama anayejua watambaazi. Daktari akauliza nyumba yake imetengenezwa na nini. Mtoto akainamisha kichwa. Nikajibu mimi, kwa kujivuna bado: mwerezi, vanishi mpya, taa ya joto.

Daktari aliweka kalamu chini. Akanieleza polepole kama anaongea na mwanafunzi. Harufu ya mwerezi ninayoisifia ni mafuta yanayoruka hewani, na yana kemikali zinazochoma njia ya hewa ya mnyama mdogo. Vanishi ya mafuta isiyokauka nayo inatoa mvuke wake. Ukiweka taa ya joto ndani ya sanduku lililofungwa, vyote vinatoka kwa wingi zaidi. Na nyoka wa mahindi anategemea pafu moja tu, la kulia, maana la kushoto ni dogo mno. Hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa kama sisi. Anachokivuta kinakaa. Tena yeye ananusa kwa ulimi, kila akiutoa nje anabeba chembe za hewa na kuziingiza mdomoni. Mimi nilikuwa nasikia manukato. Yeye alikuwa anayameza.

"Siwezi kukuapia ni mbao au ni vanishi," akasema. "Lakini vyote viwili vitoke."

Kwenye basi la kurudi nikamwambia mtoto pole, sikujua. Akajibu bila kuniangalia, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Mimi nilijua, Anti. Nilisikia harufu kali siku ile ile. Nilisoma zamani kwamba mwerezi si mzuri. Lakini ulifurahi sana. Sikutaka ujisikie vibaya."

Jamani. Mtoto wa miaka 12 aliona kipenzi chake kinahangaika na bado akachagua kunilinda mimi. Nikakumbuka na jambo lingine, ambalo sijawahi kulisema mpaka leo ninapoliandika hapa. Usiku ule nilipomwona Chapati mdomo wazi, kuna sehemu ya moyo wangu iliyosema: akifa, yameisha. Ilikuwa sekunde moja tu. Lakini ilikuwepo.

SOMO LA MBAO

Chapati alipona, alikaa kwenye tangi lake la zamani kwa dawa na joto la kutosha. Sanduku la mwerezi lilikwenda gereji, na baadaye nikaligawa kwa jirani aweke viatu. Kisha nikagonga mlango wa mtoto nikamwambia, "Tutajenga jingine. Safari hii wewe ndiye fundi mkuu, mimi nabeba mbao. Na kitu kikinuka, unasema."

Ilituchukua wiki sita. Nawaandikia tuliyojifunza, maana hata kama wewe hufugi nyoka (na hapo nyumbani Tanzania huruhusiwi kuokota nyoka porini ukamfuga bila kibali), pengine una banda la sungura, kasuku, au kitanda cha mtoto mchanga kinachochongwa na fundi mtaani. Maswali ni yale yale.

Kwanza tuliona mapaleti ya bure nje ya duka moja. Mbao nzuri, za bure, nani asiyependa? Mtoto akayageuza kutafuta muhuri. Mapaleti yanayovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wa kimataifa. Ukiona herufi HT, mbao zilichomwa kwa joto kuua wadudu. Ukiona MB, zilipuliziwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu na Ulaya waliipiga marufuku mwaka 2010. Yale yalikuwa na HT. Nikasema haya, tubebe. Akasema, "Anti, muhuri haukuambii nini kilimwagikia juu yake." Tukaacha.

Pili, jirani alitupa mbao za uzio zenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali. Ule ukijani mara nyingi ni dawa ya shaba ya kuzuia kuoza. Zamani dawa hizo zilichanganywa na aseniki, na Marekani waliacha kuzitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kanuni ni rahisi: mbao iliyotiwa dawa isiliwe na mchwa haijatengenezwa kulalwa na kiumbe. Mbao za zamani zenye rangi inayobanduka nazo hapana, rangi za zamani huwa na madini ya risasi.

Tatu, MDF. Mafundi wanaipenda maana inakatika kama keki. Lakini ikinyonya maji inavimba, na nyoka ana bakuli la maji analoogea. Gundi yake pia hutoa fomaldehaidi, kemikali ambayo watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Tukachagua mbao za chembe zilizofunikwa melamini pande zote, zenye alama ya E1, yaani kiwango chake cha kutoa fomaldehaidi kimebanwa. Nazo zina gundi, usidanganyike. Lakini ule uso wa melamini unaziba, unafutika kwa kitambaa, na haunywi maji. Sehemu inayobaki wazi ni kingo zilizokatwa, na hizo lazima zizibwe zote. Tuliomba dukani watukatie, tusijaze vumbi lile nyumbani.

Vipimo vikawa sentimeta 120 kwa 60 kwa 60. Chapati ananyooka wote na nafasi inabaki.

Nne, silikoni ya kuziba viungo. Mimi nilinunua ya bafuni, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inazuia ukungu. Nikaona hiyo ndiyo bora! Mtoto akairudisha dukani. Kinachozuia ukungu ni sumu ya ukungu. Tukachukua ya kutengenezea matangi ya samaki, silikoni tupu. Ikipakwa inanuka kama siki, na ikikauka kabisa harufu inakwisha. Hiyo ndiyo saa yake, harufu ikiwepo, bado.

Tano, mlango. Plastiki ngumu inayofanana na kioo hupinda ikikaa karibu na joto, na nyoka anahitaji upenyo mdogo tu kutoroka. Tukaweka vioo viwili vilivyoimarishwa, vya milimita 4, vinavyoteleza kwenye reli, na kufuli katikati. Kufuli lilikuwa sharti langu mimi. Nalo likapita bila kupingwa.

Sita, matundu ya hewa. Nilitaka wavu wa waya kama wa dirisha. Nyoka akitafuta njia husugua pua kwenye waya mpaka ianze kuchubuka. Tukaweka vizibo vya plastiki vyenye vijitundu laini, vya chini upande mmoja na vya juu upande wa pili, hewa iingie huku itokee kule.

Saba, hili nusura nilifanye. Waya wa kipimajoto ulikuwa unaning'inia, nikachukua selotepu niubandike. Mtoto akanishika mkono. Selotepu ikimnasa nyoka kwenye magamba, kumtoa ni kumchuna ngozi. Tukatumia vibano vya skrubu. Taa ya joto tukaivisha kikapu cha chuma asijizungushie akaungua, na tukaiunganisha na themostati, kifaa kinachoizima joto likizidi. Upande mmoja kama nyuzi 29, upande mwingine kama 23, ili mwenyewe achague pa kukaa.

SIKU SABA ZA KUNUSA

Sanduku likakamilika Jumapili. Mimi nilidhani tunamhamisha jioni ile. Mtoto akasema hapana. Tuliwasha taa, tukaweka maranda yake, ya mti wa aspen na si ya mwerezi, tukafunga mlango, na ndani hakukuwa na mtu. Sanduku tupu, linapashwa joto siku saba.

Kila jioni tulikuwa na zoezi moja. Anafungua mlango, anaingiza kichwa, ananusa. Kisha zamu yangu. Siku ya kwanza macho yaliniwasha kidogo. Siku ya tatu siki bado ilisikika kwenye kona ya nyuma, tukagundua silikoni ilipakwa nene mno pale. Mimi ndiye niliyeipaka. Mtoto alisita. Niliona anapima kama aseme au asiseme, ile ile ya Jumamosi ya mwerezi.

"Sema," nikamwambia.

"Anti, kona yako inanuka."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka. Tukaikwangua, tukaipaka upya, siku saba zikaanza kuhesabiwa toka mwanzo. Sikukasirika, na nadhani aliona kwamba sikukasirika. Kesho yake kwenye chakula akaniambia bila kuulizwa kwamba ndizi zangu huwa natia chumvi nyingi. Kesho kutwa akaniambia kwamba hapendi ninapoingia chumbani kwake kufua nguo bila kumwambia. Siku iliyofuata akaniuliza kama nitakaa, au nitaondoka kama wengine wanavyoondoka.

Nilimwambia nitakaa. Nikamwambia pia kweli nyingine, kwamba mwanzoni nilimchukia Chapati na nilitamani asiwepo. Nilitetemeka kulisema. Akafikiri kidogo akasema, "Najua. Ulikuwa unapita mlangoni kwangu mbio."

Siku ya saba ya hesabu mpya tulinusa, na hakukuwa na kitu. Si manukato, si siki, si rangi. Hewa tu. Tukamhamisha. Chapati alizunguka kuta zote akitoa ulimi, akakagua kila kona kama mwenye nyumba wa Kariakoo, kisha akajinyoosha urefu wake wote kwenye upande wa joto. Sikuwahi kumwona amenyooka. Ni mrefu jamani!

Wasomaji wengi hutuandikia wakiuliza namna ya kuishi na mtoto wa mume. Wengi tunaanza na zawadi kubwa. Tunanunua simu, tunapamba chumba, tunapika pilau, na mtoto anasema asante kwa sababu amefundishwa adabu. Halafu tunadhani tumemaliza. Mimi ningekushauri umwachie nafasi ya kukwambia kwamba zawadi yako inamuumiza, na siku akikwambia, usinune. Ukinuna mara moja, hatakwambia tena, na utaendelea kupaka vanishi juu ya kitu kinachomnyima hewa.

Bado sijamshika Chapati. Nimejaribu kumgusa mgongoni kwa kidole kimoja. Ni mkavu na wa vuguvugu, si wa utelezi kama nilivyodhani. Hapo ndipo nilipofika, na sina haraka.

Mwezi Mei mwaka uliofuata shule iliwapeleka kambini siku nne. Asubuhi ya kuondoka mtoto alikuja jikoni na begi lake, amesimama kwa mguu mmoja kama anayetaka kuomba hela.

"Anti, utambadilishia maji?"

Ufunguo wa kufuli alikuwa ameushika mkononi. Mume wangu alikuwa pale pale mezani anakunywa chai, na hakumpa yeye.